Fundi wa Funguo na Diski ya Mapengo Mawili

Mume wangu haamini maneno, anaamini mkono. Ukimwambia mlango haufungi, hakuulizi ulianza lini wala uliufanyaje. Anainama, anapitisha kidole gumba kwenye tundu la kitasa, anafumba macho, kisha anakuambia jambo ambalo wewe mwenye mlango hukulijua. Ndivyo tulivyokutana. Nilijifungia nje ya chumba nilichokuwa nimepanga, akaitwa, akafungua, na kabla hajakusanya vifaa vyake akaniambia kwamba mimi ni mtu wa kuzungusha ufunguo kwa hasira. Nilichukia kweli. Tatizo ni kwamba alikuwa amesema kweli, na mtu anayekujua kwa kuangalia kitasa chako si wa kumwacha aende zake.

Kibanda chake kiko mkabala na duka la dawa, na ni kidogo kiasi kwamba akitaka kupiga chafya lazima atoe kichwa nje. Ndani mna mashine ya kuchonga funguo, jiliwa, tupa za kila umri, na ukuta mzima wa funguo ghafi zinazosubiri kupewa meno. Zamani watu walipanga foleni. Halafu lile jengo refu la maofisi, lililokuwa likimpa nusu ya kazi zake, likabadilisha milango yote. Sasa watu wanagusisha kadi, mlango unalia pii, wanapita. Mara ya mwisho walimwita kuja kung'oa vitasa alivyovifunga yeye mwenyewe. Alirudi na ndoo imejaa vitasa, akaisukuma chini ya ngazi, akanawa mikono, akala, akalala.

Tangu siku hiyo akaanza jambo lililonitisha: akawa mpole. Mume wangu ni mbishi wa kuzaliwa, anaweza kubishana na saa ya ukutani, lakini sasa nikisema mboga imezidi chumvi, anasema ni kweli imezidi. Mimi sikutaka kuambiwa kweli. Nilitaka ugomvi mdogo wa kuchangamsha meza. Nayasema haya mapema ili ujue kwa nini nilikubali kompyuta yangu iguswe na mtu mwenye tupa mkononi.

Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu. Waandishi wanaandika, wachoraji wanachora, mimi naketi nyumbani nahakikisha picha ya chura haikai juu ya maelezo ya moyo wa binadamu. Kompyuta yangu ni ya mezani, kubwa, na diski yake ilikuwa ile ya zamani yenye sahani inayozunguka ndani huku ikikwaruza. Nikiiwasha asubuhi inaanza kujikohoza, na mpaka iamke jua limeshapanda. Nilikuwa nimeizoea. Lakini safari hii nilipewa kitabu cha sayansi cha shule, picha kila ukurasa, na kila nikihifadhi ukurasa mmoja mashine inaganda nami naganda nayo. Mchapishaji alitaka kurasa zote Ijumaa. Aliniambia kwa upole kabisa, ule upole wa watu wasiorudia kauli, kwamba nikichelewa vitabu vinavyofuata atampa mtu mwingine.

Nikampigia kaka yangu simu kulalamika. Kaka yangu hajawahi kukutana na tatizo lisilotatuliwa kwa kununua kitu kingine. Akasema nitupe hilo dude, au kama nalipenda sana nitafute diski ya SSD na nimwite fundi wa kompyuta aifunge, fundi wa kweli. Simu ilikuwa kwenye spika, na mume wangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Kwani humo ndani," akauliza, "kuna nini kisichofunguka kwa bisibisi?"

Ilikuwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia siku nyingi. Nikakata simu ya kaka yangu katikati ya sentensi, nikamwambia mume wangu kwamba wanasema hizo diski mpya hazina sahani inayozunguka, ni kama kijiti bapa tu kinachochomekwa moja kwa moja kwenye bodi kuu ya kompyuta. Akasema nimwachie. Nikamwachia, na roho yangu ikawa mkononi. Kazi nyingine ningeihangaikia nikaipata. Lakini mume wangu yule mbishi, akishindwa na hili pia, sikujua ningekwenda kumtafuta wapi.

Alichomoa waya wa umeme, akatandika gazeti mezani, akailaza kompyuta ubavu, akaifungua. Skrubu alizipanga kwenye kisahani kwa urefu wake. Alipuliza vumbi, akapiga chafya, akapuliza tena. Kisha akaniita nikaone kitasa.

Kilikuwa kitundu chembamba kilicholala juu ya bodi, na karibu na ncha yake moja palikuwa na kipande kidogo cha plastiki kilichokatiza katikati ya njia. Nilipomuuliza ni cha nini, alicheka. Kwa mtu wa kazi yake hapakuwa na la kuuliza: kile ni kizuizi, na kitakachoingia pale lazima kiwe na pengo mahali hapohapo, vinginevyo kitagota. Mtu aliyetengeneza kompyuta, alisema, ameiba kwa watu wa vitasa. Alifurahi kana kwamba amekutana na ndugu yake ughaibuni.

Halafu akafanya jambo ambalo fundi yeyote wa kompyuta angelia akiliona. Mlinzi wa lile jengo alikuwa amempa kadi kadhaa za milango zilizokufa, sijui kwa utani au kwa kumhurumia. Akachukua moja, akaipima unene kwa kidole gumba, akaikata kwa mkasi mpaka ikawa na upana wa kile kitundu, akaichonga pengo kwa tupa nyembamba, akaijaribu kwa ncha za vidole bila kulazimisha. Akaondoa kidogo, akaijaribu tena, mpaka ikaingia yenyewe. Mwishowe akapima kutoka pale hadi kwenye tundu la skrubu inayoshikilia mkia wa diski, akaikata kadi urefu huohuo. Kadi iliyomfukuza kazini ikawa sasa inamfanyia kazi. Nilimwambia hivyo, naye akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, jambo ambalo kwangu lilikuwa sikukuu.

Kesho yake akaenda duka la vifaa vya kompyuta, kadi iko mfuko wa shati. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na yeye, kisha na muuzaji mwenyewe, na masimulizi yao yanalingana isipokuwa kuhusu nani aliyekuwa na adabu zaidi. Muuzaji ni mwanamke wa makamo anayevaa miwani juu ya kichwa na kuitafuta mezani. Alimuuliza jina la bodi. Mume wangu akaweka kadi juu ya kaunta. Akaambiwa kadi inaonyesha umbo tu, na kwamba jina la bodi ndilo linalosema inasoma diski ya aina gani. Mume wangu akasema kinachoingia sawasawa kinafanya kazi sawasawa. Nyuma yake watu walikuwa wanasubiri, basi yule mama akampangia diski mbili mbele yake, urefu uleule, upana uleule, moja ina pengo moja na nyingine ina mapengo mawili.

Akazilinganisha na kadi yake. Zote mbili zilikubali. Na hapo ndipo ufundi wake ulipomponza. Kwenye funguo, kadiri unavyoukata mwili ndivyo unavyopita kwenye vitasa vingi zaidi. Hata ule watu wanaouita ufunguo malaya kwa kuwa unafungua kila kitasa, samahani kwa wenye masikio laini, umekonda kuliko wenzake. Basi akaona yenye mapengo mawili ndiyo kubwa lao. Akamwonea huruma kimoyomoyo yeyote atakayenunua ile ya pengo moja, akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Ikaingia kama imezaliwa humo. Aliiinamisha, akaisukuma taratibu, akailaza, akafunga skrubu, akasimama mikono kiunoni. Tukaiwasha. Ile ya zamani ikajikohoza kama kawaida yake. Tukaufungua ukurasa wa mwanzo kabisa wa mashine, ule unaoorodhesha vifaa vilivyochomekwa ndani. Diski ya zamani ipo. Mpya haipo. Tukazima, akaichomoa, akaifuta kwa kitambaa kikavu, akairudisha. Haipo. Akarudia tena huku akiisemesha. Haipo.

Ndipo akachukua tupa. Alitaka, alisema, kulegeza kidogo pale kwenye pengo, pengine haijakaa vizuri. Mimi ile sauti naijua. Nikamwambia sabuni imekwisha, akaninunulie sasa hivi, na alipotoka nikaificha tupa katikati ya shuka kabatini. Alirudi na sabuni. Akaangalia juu ya meza, akaangalia chini ya meza, akaniangalia mimi, nami nilikuwa nasoma habari za chura kwa bidii isiyo ya kawaida.

Hakuuliza. Hilo ndilo lililoniuma. Mume wangu alivyokuwa zamani angeipindua nyumba nzima na kuwashirikisha majirani. Huyu alifunika kompyuta, akarudisha skrubu moja moja, akasema kwa sauti ya chini nimwite yule fundi wa kaka yangu. Kisha akaenda kuoga.

Sikumwita. Nilimhurumia mpaka nikamkasirikia, yeye na kaka yangu na yeyote aliyebuni kadi za milango. Nikajiambia nitapiga simu kesho saa sita, na kama Ijumaa itanikuta na picha zilizoganda, basi inikute. Jioni hiyo alisema chakula kizuri. Kilikuwa kimeungua.

Asubuhi yake nilikuwa nasubiri ukurasa ujihifadhi niliposikia mlango unafunguliwa kwa kishindo. Mume wangu hafungi kibanda kabla ya wakati, hata akiwa na homa. Lakini alikuwa amesimama sebuleni na aproni yake, unga wa shaba umemjaa kwenye nyusi, anahema.

"Mke wangu," akasema, na meno yote yako nje, "mimi ni mjinga."

Nikamkalisha, nikampa maji. Kumbe alikuja mteja, muuguzi mmoja, na ufunguo uliochongwa kwingine. Unaingia vizuri lakini hauzunguki, na muuguzi anashikilia kwamba kitasa ndicho kibovu. Mume wangu akaanza kumweleza jambo alilolieleza maisha yake yote: kwamba ile mifereji ya ubavuni inaruhusu ufunguo kuingia tu, ni kama kubisha hodi na kuambiwa karibu. Huko ndani kuna vipini vidogo, na kila kimoja kinasubiri jino la kimo chake. Vyenyewe havijali umeingia kwa ulaini gani. Akiwa katikati ya maelezo akajisikia anavyosema, akanyamaza mdomo wazi. Muuguzi akafikiri amepata kiharusi, akamshika mkono kumpima mapigo. Mume wangu akamchongea ufunguo wake haraka haraka, akavuta mlango wa kibanda, akaja mbio.

"Niliuliza kama itaingia," akaniambia. "Sikuuliza ndani inasubiriwa na nani."

Tukailaza tena kompyuta mezani. Safari hii hakupima kitu. Alishika tochi na brashi ya rangi, akapangusa bodi mpaka katikati ya vumbi yakatokea maandishi meupe: jina lake na namba zake. Yalikuwa pale miaka yote. Nikayapiga picha kwa simu, nikatafuta kitabu cha maelezo cha bodi hiyo kwenye tovuti ya walioitengeneza, nikawa namsomea polepole, yeye kainama kama mtu anayesomewa wosia. Kwenye mstari wa kile kitundu palikuwa na aina moja tu ya diski, NVMe. Tukaigeuza diski yetu ya mapengo mawili, tukasoma karatasi iliyobandikwa mgongoni. Ilikuwa SATA.

Akaniomba nisome tena. Nikasoma. Akatikisa kichwa akasema basi hata angeichonga kwa tupa mpaka iishe, isingezunguka. Hapo ikabidi niseme tupa iko wapi. Halafu akacheka mpaka akakaa sakafuni, na alipomaliza kucheka akaanza kunifokea kwamba mke wa fundi hafichi tupa ya fundi, tena kwenye shuka, tena shuka nyeupe. Nikamwambia mume mwenye akili hachongi diski. Akasema hakutaka kuchonga, alitaka kulegeza. Nikamwambia anieleze tofauti. Tulibishana vizuri kabisa, njia nzima mpaka dukani, na mimi nilikuwa nafuta macho kwa ncha ya khanga nikijifanya ni vumbi la barabarani.

Muuzaji alipomwona aliishusha miwani yake puani.

"Mzee wangu, si nilikuuliza jina la bodi?"

"Uliniuliza, mama," akajibu. "Siku ile nilikuja kupima. Leo nimekuja kuuliza."

Yule mama akaangalia picha kwenye simu yangu, akahakikisha jina la bodi na aina ya diski, akauliza tundu la skrubu liko mbali kiasi gani, na hapo mume wangu akatoa kadi yake kwa madaha. Kwa urefu, yule mama alikiri, hajawahi kuona kipimo kizuri kama kile. Kisha akatufafanulia. Hizo diski zinafanana mwili lakini hazizungumzi na mashine kwa namna moja. Ile ya SATA inazungumza kama diski za zamani zinavyozungumza, na kitundu chetu hakikuwekewa njia ya kumsikiliza anayesema hivyo. Mapengo mawili yanaiwezesha kuingia, hayaiwezeshi kusikika. Bodi nyingine zinasikia zote mbili, nyingine moja, na kwa macho huwezi kujua. Mume wangu aliuliza maswali mpaka foleni nyuma yetu ikaanza kukohoa. Ile diski ya kwanza yule mama hakuweza kuipokea tena maana ilishafunguliwa, lakini alituonyesha kikasha kidogo chenye waya ambacho ukiitia humo inageuka kuwa ya kubebea kazi. Mpaka leo nakala za vitabu vyangu nazihifadhi ndani yake.

Nyumbani hakuniruhusu kugusa kitufe. Alifunga skrubu, akawasha mwenyewe, tukasimama bega kwa bega mbele ya ule ukurasa wa vifaa. Diski ya zamani ipo. Chini yake kukatokea mstari mwingine, jina jipya. Hakupiga kelele. Aliweka kidole gumba juu ya kioo, pale penye jina, akakiacha hapo.

"Imezunguka," akasema.

Nilimkumbatia na unga wake wa shaba. Mchana kutwa vitu vyangu vyote, hata mfumo unaoiamsha mashine, vikawa vinanakiliwa kutoka diski ya zamani kwenda mpya, naye akaketi pembeni anailinda kama anayelinda maziwa yasifurike jikoni. Ijumaa kurasa zote zilifika kwa mchapishaji kabla hajakumbuka kuniulizia, akajibu kwa kunitumia sura ya kwanza ya kitabu cha pili. Kaka yangu alipopiga simu, mume wangu aliomba aongee naye kidogo. Akamweleza aina za diski, na mapengo, na njia, na kwa nini mtu hanunui kitu kabla hajasoma jina la bodi, mpaka shemeji yake akasingizia simu inaishiwa chaji.

Jumatatu asubuhi nikabonyeza kitufe, kama kila siku. Mume wangu akatoka jikoni na vikombe viwili vya chai, kama kila siku pia. Maana ile mashine ilipokuwa inajikohoza, sisi tulikuwa tunakaa pale mbele yake, chai mkononi, tunasengenya kidogo na kuipanga siku yetu, mpaka iamke naye aende kibandani. Alipofika kwenye meza, ukurasa wa kitabu ulikuwa umeshafunguka, picha zake zote zinang'aa, unanisubiri mimi tu.

Akasimama na vikombe vyake. Uso ukamshuka, na nikajua anawaza nini, kwa sababu nami nilikuwa nawaza hilohilo: mlango mwingine umejifungua wenyewe, yeye amebaki nje, na safari hii ameuweka yeye kwa mkono wake.

"Sasa mimi," akauliza, akijitahidi iwe mzaha, "nitakuwa nakaa saa ngapi?"

Nikakigeuza kiti changu, nikaipa mashine mgongo.

"Kaa," nikamwambia. "Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa naisubiri. Na yenyewe inisubiri sasa."

Akakaa. Akaanza kunisimulia tena kisa cha yule muuguzi, kirefu kuliko kilivyokuwa, na mimi nikawa nambishia kila palipobishika. Nyuma yangu skrini ikangoja weee, mwishowe ikajizima.